Mtu wa Kipimo

Kasha lilikuja kutoka Gulwe kwa kiberenge,
limefungwa kwa waya wa uzio, limeandikwa VIOO kwa chaki,
na mimi, Sechelela Lesilwa, karani wa stoo ya reli Dodoma,
nikapewa daftari, kalamu na kitambaa cha flana:
futa, hesabu, andika. Usivunje.

Vioo mia na viwili. Vitatu vimepasuka.
Kila kimoja sawa na kiganja cha mtoto wa darasa la tatu,
kingo zimezibwa kwa karatasi nyeusi kama kaniki,
na kwenye kona doa jeupe, dogo,
mahali pa kidole gumba cha mwenye taa.
Maana kwenye taa kioo huingia kichwa chini:
milima ining'inie, mto upite juu ya daraja,
ndipo ukutani dunia isimame wima.

Nimeandika: Milima ya Rubeho, ukungu.
Nimeandika: Mawe makubwa, Mlimwa, mbuzi wawili (au ni madoa).
Nimeandika: Karavati. Karavati. Karavati.
Nimeandika: Winchi inanyanyua boriti, moshi,
na vibarua wasio na nyuso, kwa kuwa walitikisika.
Picha za siku hizo hazikumngoja mtu aliye kazini.

Kioo cha hamsini na tisa.
Nguzo ya daraja, Kinyasungwe, mto mkavu,
mchanga mweupe kama unga wa uwele uliomwagika.
Chini ya nguzo amesimama mtu.
Maelezo, kwa wino uliogeuka kahawia:
"Daraja, maili nne toka stesheni. Mtu ni wa kipimo."

Wa kipimo.
Kama rula. Kama pishi.

Bibi yangu wa Kikombo alisimulia habari za baba yake,
kwamba mwaka wa Mtunya aliitwa atoke kwenye mstari wa wabeba mawe
kwa sababu alikuwa mrefu,
akaambiwa simama, usipumue, tunahesabu hadi nane.
Nzi akatua mdomoni. Akamwacha.
Akapewa kibaba cha unga.
"Kibaba kwa kusimama!" Bibi akicheka hadi kikohozi,
"na wenzake wamebeba mawe tangu alfajiri kwa hicho hicho."
Walimnunia mwezi mzima.
Bega la kushoto, alisema, lilikuwa chini kidogo.

Nikafunga mlango, nikazima taa ya stoo,
nikawasha tochi ya simu mbele ya lenzi
niliyoazima kwa Chidawali, fundi saa,
nikakiingiza kioo kichwa chini, gumba langu juu ya doa.
Ukuta umejaa magunia ya saruji,
daraja likakunjika juu ya magunia,
nguzo ikapinda kiuno,
Kinyasungwe ukashuka mpaka sakafuni
ukapita juu ya viatu vyangu.
Naye akasimama. Bega,
bega moja liko chini. Au ni mkunjo wa gunia.
Nilivuta gunia. Bega likapanda.
Nikalirudisha gunia.

Daraja lile halipo. Maji yalilichukua,
likajengwa, yakalichukua tena,
na bado mvua za Januari zikikolea
reli huning'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo
na abiria hulala Gulwe wakinunua karanga za kuchemsha.
Mto ule hausomi ramani ya mtu.
Zimebaki nane zile alizohesabiwa,
na nzi, ambaye nimemtafuta kwa lenzi na simwoni.

Nikapima nguzo kwa mtu, kama walivyotaka:
mara tano na nusu.
Halafu nikakaa na kalamu mkononi muda mrefu.
Jina la babu nalijua. La huyu sina hakika.
Daftari la serikali halina safu ya huenda.

59. Mtu mmoja, mrefu, amezuia pumzi.
Nyuma yake daraja, la kipimo.

Mkuu wa stoo akagonga: umefika wapi?
Bado arobaini na vitatu, nikamjibu gizani.